Siku tisa Piemonte pamoja na mama: tukae mtaa gani, na tuone nini zaidi ya Consolata?

Binti wa Kangemi:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa yeyote aliyewahi kuishi au kutembea kaskazini-magharibi mwa Italia. Mwezi wa Juni, Mungu akijalia, nitamsindikiza mama yangu hadi Torino, mji mkuu wa eneo la Piemonte. Mama ametimiza miaka 71. Alibatizwa Murang'a na padri wa Shirika la Consolata, na tangu tuhamie Nairobi amekuwa akisali katika kanisa la Consolata pale Westlands, kwa hiyo tangu mwanzilishi wa shirika hilo, Giuseppe Allamano, alipotangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, mama hana wimbo mwingine ila kwenda kupaona mahali alipoishi na kaburi lake lilipo. Sisi watoto wake watano tumechanga nauli, nami ndiye niliyepewa jukumu la kusafiri naye.

Tuna siku tisa. Kaka zangu wawili wanashikilia kwamba siku tisa ni nyingi mno kwa mji ambao hata jina lake watu wengi hapa hulijua kwa sababu ya mpira tu, na kwamba tupitie Roma, Firenze na Venezia kwa treni. Mimi nina shaka. Magoti ya mama hayana nguvu kama zamani. Ngazi huzipanda moja moja akiwa ameshika ukuta, na baada ya chakula cha mchana ni lazima ajinyooshe kwa saa moja au mbili. Sitaki arudi nyumbani akikumbuka vituo vya treni na mabegi peke yake.

Naomba kujua mtaa gani unafaa kulala, wenye utulivu na usafiri wa karibu. Pia, kwa kuwa mama alifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na anapenda sana historia, ningependa tuone na mambo mengine yasiyo makanisa. Jambo la mwisho ni Sanda Takatifu, kile kitambaa ambacho wengi huamini kilifunika mwili wa Yesu kaburini: je, mgeni anaweza kuiona siku yoyote?

Fundi wa San Salvario:

Dada, hongera kwa safari hiyo. Niliishi Torino miaka miwili nikisomea uhandisi, na leo nikipewa siku tisa za kutembea popote Ulaya, ningerudi huko huko.

Nianze na mahali pa kulala. Wengi watakuelekeza Quadrilatero Romano, kwa sababu ndio mtaa wa kale kuliko yote na kanisa la Consolata liko humo humo. Vichochoro vyake bado vinafuata mistari iliyopimwa na Warumi walipoanzisha mji wao wa Augusta Taurinorum, na lango lao la matofali, Porta Palatina, lingali limesimama na minara yake miwili. Ni mtaa mzuri mno mchana. Usiku, hasa mwisho wa wiki, mabaa yake hujaa watu hadi mitaani, na mama hatapata usingizi. Mimi ningewashauri mlale Cit Turin, ng'ambo kidogo ya kituo cha treni cha Porta Susa. Ni mtaa wa familia, una soko dogo, una kituo cha treni ya chini ya ardhi kiitwacho Principi d'Acaja, na nyumba zake nyingi zimepambwa kwa vyuma vilivyopindwa kama mizabibu na vioo vya rangi. Iliyo maarufu zaidi, Casa Fenoglio-Lafleur, ilianza kujengwa mwaka wa 1902, mwaka ule ule mapadri wawili na mabruda wawili wa kwanza wa Consolata walipoondoka Torino kuja Kenya. Zaidi ya hayo, nyumba kuu ya shirika, ambamo Allamano amezikwa, iko Corso Ferrucci, mwendo wa miguu kutoka hapo. Mama ataweza kwenda asubuhi kabla ya kifungua kinywa akitaka, na kurudi tena jioni.

Kanisa la Consolata lenyewe lisikimbiliwe. Allamano alikuwa msimamizi wake tangu 1880 hadi alipofariki mwaka wa 1926, na mjomba wake, mtakatifu Giuseppe Cafasso, amezikwa humo. Mkitoka kwenye altare kuu, ingieni kwenye ujia wa pembeni ambao kuta zake zimejaa picha ndogo za shukrani. Nilikaa humo saa nzima mara ya kwanza. Kila picha ni ya mtu wa kawaida aliyeokoka: fundi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mtoto aliyelazwa kitandani huku wazazi wamepiga magoti, askari katikati ya moshi wa mizinga, na juu kwenye kona, ndani ya wingu, yupo Mama Maria na Mwanawe. Nyingi zilichorwa na mikono isiyo na ustadi mkubwa, na kwa sababu hiyo zinagusa zaidi. Nje, tazameni ukuta: lipo tufe la mzinga lililonasa humo tangu Wafaransa walipouzingira mji mwaka wa 1706.

Ng'ambo ya uwanja wa kanisa kuna mkahawa mdogo uliofunguliwa mwaka wa 1763, Al Bicerin, wenye meza chache za mawe ya marumaru. Kinywaji chao huletwa katika glasi ndogo: chini chokoleti nzito ya moto, kisha kahawa, juu krimu baridi. Hakikorogwi, hunywewa kupitia kwenye krimu ili moto na baridi vikutane mdomoni.

Kuhusu magoti, Torino ni mji wa tambarare na una baraza zenye nguzo na paa zenye urefu wa kilomita 18 hivi, nyingi kati yake zikiwa zimeunganika, kiasi kwamba mnaweza kutoka kituo cha Porta Nuova hadi uwanja wa Piazza Castello, na kutoka hapo hadi karibu na mto Po, bila kuchomwa na jua wala kunyeshewa. Hilo la jua msilidharau, kwa maana Juni ni kiangazi huko na joto huweza kupita nyuzi 30. Makanisa mengi hufungwa mchana kati ya saa sita na saa tisa, na huo utakuwa ndio wakati wa mama kujinyoosha.

Mnara wa Mole Antonelliana una lifti ya kioo inayopanda katikati ya ukumbi hadi mita 85, kwa hiyo hakuna haja ya ngazi. Jengo hilo, lenye kimo cha mita 167.5, lilianzishwa mwaka wa 1863 liwe sinagogi, lakini msanifu Alessandro Antonelli aliendelea kuliinua hadi jumuiya ya Wayahudi ikashindwa na gharama na mji ukalichukua. Leo ni makumbusho ya sinema. Wayahudi walijenga sinagogi lao jingine San Salvario, likafunguliwa mwaka wa 1884, na huo ndio mtaa niliokuwa nikiishi. Umejaa watu wa mataifa mengi na maduka yanayouza mihogo, ndizi na samaki wakavu. Mama akitamani ugali, nunueni unga wa polenta: ni mahindi yale yale, ya njano.

Soko la Porta Palazzo lipo kaskazini mwa Quadrilatero na ni mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya wazi barani Ulaya. Nendeni asubuhi, na mpitie hadi nyuma, kwenye banda la wakulima, ambako anayekuuzia nyanya ndiye aliyezilima. Ukilijua soko la Marikiti hutapotea. Siku ya Jumamosi, jirani na hapo, mtaa wa Borgo Dora hugeuka kuwa soko la vitu vikuukuu liitwalo Balon, nami nilinunua huko taa ya mezani ambayo inawaka sebuleni kwangu Donholm hadi leo.

Sanda huhifadhiwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ila haionyeshwi ovyo. Mara kubwa za karibuni za kuionyesha umma zilikuwa mwaka wa 2010 na 2015. Mtaweza kusali mbele ya mahali ilipowekwa, bila kuiona yenyewe. Mwambie mama mapema asije akavunjika moyo akiwa mlangoni.

Tahadhari moja iliyonigharimu pesa. Safari yangu ya kwanza kwenda Asti nilinunua tiketi ya karatasi ya treni ya kawaida, nikapanda bila kuigonga muhuri kwenye kimashine kilicho ukutani kituoni. Mkaguzi alinitoza faini papo hapo, ijapokuwa nauli nilikuwa nimelipa yote. Gongeni muhuri kila tiketi ya karatasi kabla ya kupanda.

Mwalimu Mstaafu wa Buruburu:

Binti yangu, kwa kuwa mama ni mwalimu mwenzangu, naomba nami niongeze neno kuhusu historia, maana Piemonte ndiyo iliyoizaa Italia tunayoijua. Ukoo wa Savoia ulitawala kutoka Torino kwa karne nyingi, na Italia ilipounganishwa mwaka wa 1861 mji huo ulikuwa makao makuu ya kwanza ya nchi hadi 1865. Bunge la kwanza lilikutana Palazzo Carignano, ambalo leo ni makumbusho ya kuungana kwa taifa.

Mimi nilifika huko mara moja tu, mwaka niliostaafu, lakini kilima cha Superga hakijanitoka akilini. Juu yake kuna kanisa lililosanifiwa na Filippo Juvarra na kuzinduliwa mwaka wa 1731, kutimiza nadhiri ya mtawala Vittorio Amedeo wa Pili wakati wa kuzingirwa kule kwa 1706. Kipo kigari cha reli yenye meno kinachopanda kutoka Sassi. Kisipofanya kazi, chukueni gari. Ndani ya kanisa, upande wa chini, yamo makaburi ya ukoo wa Savoia. Nyuma ya kanisa kuna jiwe lenye majina ya wachezaji wa Torino, timu bora kuliko zote za Italia wakati huo, ambao ndege yao ilikipiga kilima hicho ndani ya ukungu tarehe 4 Mei 1949. Walikufa watu 31. Niliwakuta vijana wawili wakisoma majina yale kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, kama wasomavyo litania.

Sasa sikiliza uhusiano uliopo na kwetu. Miongoni mwa waliozikwa Superga ni Amedeo wa Savoia, aliyewahi kuwa mfalme wa Hispania. Mwanawe mmoja, Luigi Amedeo, ndiye aliyeongoza msafara wa kupanda vilele vya Ruwenzori mwaka wa 1906, naye alizikwa Somalia. Makumbusho ya milima yaliyo juu ya Monte dei Cappuccini, pale Torino, yanaitwa kwa jina lake. Mjukuu wa mfalme huyo, Amedeo wa Aosta, alizaliwa Torino mwaka wa 1898, akatumwa kuitawala Ethiopia iliyokuwa imetekwa na Waitalia, akashindwa vitani mwaka wa 1941, akaletwa Kenya akiwa mateka, akafariki hapa Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Amezikwa Nyeri, pamoja na askari wake. Babu amelala Superga na mjukuu amelala chini ya Mlima Kenya. Kabla ya safari, mpeleke mama Nyeri kwa siku moja. Akifika Superga ataielewa familia ile kwa namna ambayo hakuna mwongoza watalii atakayeweza kumweleza.

Jambo la pili ni Museo Egizio, makumbusho ya Misri, yaliyoanzishwa mwaka wa 1824. Kwa vitu vya Misri ya kale, ukiondoa Kairo, hakuna mkusanyiko mwingine unaotajwa kabla ya huu. Usijaribu kuona yote. Nenda moja kwa moja kwenye chumba cha Kha na mkewe Merit, waliozikwa miaka ipatayo 3,400 iliyopita, ambao kaburi lao lilikutwa halijaguswa na Ernesto Schiaparelli mwaka wa 1906. Kha alikuwa msimamizi wa mafundi waliochonga makaburi ya mafarao. Utaona mikate yao, mikavu lakini ingali na umbo alilolifinyanga mwokaji. Utaona mashuka ya kitani yaliyokunjwa, viti, kitanda, na nywele za bandia za Merit zilizosukwa kwa uangalifu ambao binti yeyote wa Nairobi angeutambua. Mtu wa Afrika hawezi kusimama pale bila kujiuliza kwa nini vitu hivi viko Torino na si nyumbani kwake, na nadhani ni vizuri kujiuliza huku unavitazama. Walau hekalu dogo la Ellesyia lililomo humo lilitolewa na Misri yenyewe kwa hiari, kuishukuru Italia kwa kusaidia kuokoa majengo ya Nubia yaliyokuwa yazamishwe na maji ya bwawa la Aswan.

Msafiri wa Lang'ata:

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, mimi nasimama na kaka zako, japo nusu. Firenze na Venezia ziacheni, kwa maana Venezia ni madaraja na kila daraja ni ngazi, na Firenze mwezi wa Juni ni foleni juani. Lakini mwanamke Mkatoliki wa miaka 71, ambaye huenda asirudi tena Italia, anastahili siku mbili za Roma. Kutoka Torino, treni ya kasi huchukua zaidi kidogo ya saa nne, kiti kimoja bila kubadilisha. Mngepanga iwe Jumapili ili asali sala ya Malaika wa Bwana pamoja na Papa saa sita mchana katika uwanja wa Mtakatifu Petro, kisha mrudi.

Nawakumbusha pia kuhusu viza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, majibu kwa kawaida huhitaji hadi siku 15, na bima ya safari ni lazima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka hapa hadi Torino. Walio wengi hushukia Milano, na kutoka Milano treni ya kasi hufika kwa muda wa saa moja hivi.

Binti wa Kangemi:

Nawashukuru sana, na Mwalimu, Nyeri tutakwenda mwisho wa mwezi huu. Nilimsomea mama majibu yote jioni ya jana. Kuhusu Roma alisema kwamba Papa Francis alimwona kwa macho yake hapa Nairobi mwaka wa 2015, kwenye Misa ya Chuo Kikuu, akiwa amenyeshewa tangu alfajiri, na hilo linamtosha. Siku zake zote anazitaka Piemonte. Nimefurahi, ila naheshimu mawazo ya Msafiri, na kaka zangu nimewatumia maneno yake.

Fundi, nina swali jingine. Allamano alizaliwa nje ya mji, mahali paitwapo Castelnuovo. Je, tunaweza kufika na kurudi siku hiyo hiyo? Na kuna mahali pengine nje ya Torino pasipo ngazi nyingi?

Fundi wa San Salvario:

Mnaweza bila shida. Zamani paliitwa Castelnuovo d'Asti, leo ni Castelnuovo Don Bosco, umbali wa kilomita 30 hivi mashariki mwa Torino. Kijiji hicho kidogo kimewazaa Cafasso, Giovanni Bosco (ndiye Don Bosco, mwanzilishi wa shirika la Wasalesiani) na Allamano, wote watatu watakatifu. Basi zipo ila ni chache, kwa hiyo kodini gari lenye dereva kwa nusu siku. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye kilima cha Colle Don Bosco, kuna basilika kubwa sana, na chini yake kijumba cha matofali alimokulia Don Bosco, kidogo kiasi kwamba mtu mrefu atainamisha kichwa mlangoni. Kwa yeyote aliyeizoea parokia ya Don Bosco pale Upper Hill, kukiona kijumba kile na kukumbuka kilichotoka humo ni jambo zito.

Mahali pa kuepuka ni Sacra di San Michele, abasia iliyojengwa karne ya kumi juu ya mwamba wa Monte Pirchiriano. Inasikitisha kusema hivyo, maana ndiyo nembo ya Piemonte, lakini ina ngazi 243 na sehemu yake iitwayo Ngazi za Wafu ni kali. Itazameni kutoka bondeni, dirishani mwa treni ya Susa, upande wa kushoto mnapotoka mjini, inaonekana vizuri.

Badala yake nendeni Venaria Reale, kasri la uwindaji la akina Savoia lililo kilomita kumi kutoka katikati ya mji. Lilikaa miaka mingi likiwa gofu, likakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka wa 2007. Ukumbi wake mrefu, Galleria Grande, ni mweupe tupu, sakafu ya miraba, mwanga ukiingia pande zote mbili, na mama atatembea kwenye tambarare kuanzia mwanzo hadi mwisho. Msiende Jumatatu. Siku nyingine tengeni kwa vilima vya Langhe, vyenye mashamba ya mizabibu yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka wa 2014: chukueni treni hadi Alba, kisha gari hadi La Morra, ambako kuna uwanja wa kukaa na kutazama mistari ya mizabibu hadi milima ya Alpi, kama mtu anavyokaa Limuru na kutazama majani chai. Uyoga maarufu wa Alba, ule unaoota chini ya ardhi na kutafutwa na mbwa, ni wa majira ya vuli, kwa hiyo akitokea wa kuwauzia mweupe mwezi wa Juni, mkataeni kwa upole.

Nilisahau jambo kubwa kuliko yote. Sikukuu ya Consolata ni tarehe 20 Juni, na jioni hiyo sanamu ya Mama Maria hubebwa katika maandamano mitaani. Pangeni safari muwepo siku hiyo. Uwanja wa kanisa ni mdogo na hujaa mapema, kwa hiyo mfikie saa kumi na moja, mtafutieni mama kiti ndani ya kanisa, na wewe usimame karibu na mlango. Jua la Juni huko huzama baada ya saa tatu za usiku.